Kigoda cha Mjomba Tuvako

Kigoda kitupu kina mwenyewe. Mkunde nimemzuia kabla hajakikalia, na sasa ananitazama kama mtu aliyepokonywa ugali. Wajukuu zangu, huko bweni mmefundishwa kupanga foleni na kukunja shuka, lakini hili hamkufundishwa. Kaeni mkekani niwaeleze methali hii ilitoka wapi.

Ilitoka hapahapa Ikweni, mama yangu Namkunda akiwa na mimba ya miezi minane. Mimba hiyo ndiyo mimi, kwa hiyo naomba heshima.

Mji mnaujua, ila haukuwa hivi. Umekaa juu ya mgongo wa mlima kama kuku juu ya paa. Mashariki kuna mvua, migomba na tangawizi. Magharibi mlima umekatika ghafla, na ukidondosha kofia itafika kwenye mashamba ya mkonge nusu siku kabla yako. Barabara ilikuwa moja. Ilikuwa na maduka manne, msikiti, kanisa, zahanati ya vyumba viwili, na kona moja ambayo madereva wa dini zote waliipita wakisali. Kusini tulipakana na makaburi, na waliomo humo wangehesabiwa, tungekuwa jiji.

Lakini walihesabiwa walio hai, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mwaka huo ilikuja amri kwamba mji usiofikisha watu mia nne si mji, na zahanati yake itahamishiwa bondeni, stesheni. Amri hiyo ikamfikia Bibi yangu Nakijwa, mama yake Namkunda. Binti yake mkubwa alifia kwenye njia hiyo ya bondeni, amebebwa kwa machela, akiwahishwa kujifungua. Sasa Bibi alilitazama tumbo la Namkunda, kisha akaitazama zahanati, hatua sitini kutoka mlangoni pake.

Karani alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mko wangapi humu?" Watu wakajibu kama walivyozoea kujihesabu, yaani kwa vigoda. Kwetu mtoto akiota meno huchongewa kigoda chake. Akikua akaenda kufanya kazi mkongeni, kwenye reli au bandarini, kigoda hubaki jikoni, hupanguzwa kila Jumamosi, na hakuna mwingine anayekikalia. Wala hatusemi fulani hayupo. Tunasema yuko njiani, hata kama njia hiyo aliianza kabla ya vita. Hesabu ikatoka mia nne thelathini na mmoja. Mji ukachinja mbuzi.

Nyama haijaisha, akaja msimamizi wa hesabu, Bwana Magesa, mtu wa Ukerewe, mpole, mwenye viatu visivyojua mlima. Akahesabu upya, safari hii vichwa. Vikawa mia mbili sitini na nane. Alifika kwa Bibi miguu imemvimba, akavuta kigoda kilichokuwa karibu na mafiga.

"Hicho hapana, baba," Bibi akasema.

"Kwani kimevunjika?"

"Kizima. Ni cha mwanangu Tuvako."

"Yuko wapi?"

"Njiani."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

Bwana Magesa akashusha pumzi. "Mama, kigoda hiki ni kitupu."

"Kigoda kitupu kina mwenyewe."

"Basi mwenyewe aje. Usiku wa kuhesabiwa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayelala hapa ni wa hapa. Asiyelala simwandiki, hata awe chifu."

Alipoondoka, Bibi aliwaita wazee, akawaambia vigoda vya walio mbali vipakiwe kwenye lori la tangawizi, kila kimoja kipelekwe alipo mwenyewe. Wazee wakashtuka. Kigoda hakitoki jikoni ila kwa sababu mbili: mwenyewe amekufa, au ndugu zake wamemkana.

"Nakijwa, unataka tuwakane watoto wetu?" Mzee Sefue akauliza.

"Nataka waje wanigombeze."

"Na wasipokuja?"

"Mwanao ana hasira za nani, Sefue?"

"Zangu."

"Basi atakuja."

Lori likashuka. Utingo aligawa vigoda mkongeni, stesheni na bandarini, bila barua, bila salamu. Cha Tuvako tu kilibaki karibu na mafiga, maana Bibi hakujua pa kukipeleka.

Ijumaa tangu alfajiri watu walianza kupanda mlima, vigoda vichwani, nyuso zimevimba. "Nani kanifuta?" waliuliza hata kabla ya hodi. Wakagombeza wakiwa wamesimama, wakapewa makande, wakagombeza wakiwa wamekaa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba jioni ile moshi ulitoka katika kila jiko, hata katika nyumba ambazo buibui ndiye aliyekuwa baba mwenye nyumba. Watu waliitana kwa majina ya utoto kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho. Mpaka anakufa, mama akinusa moshi wa kuni mbichi alitoka kuangalia barabara.

Bwana Magesa naye alipanda siku hiyo kuwapanga makarani wake, akitegemea kushuka kabla ya jua kuzama. Mvua ikanyesha, kona ikalimeza gari lake hadi madirishani. Bibi akamtandikia.

Asubuhi akahesabu mbele ya zahanati, miguu mitupu. Mia tatu tisini na tisa. Akarudia. Mia tatu tisini na tisa. Umati uliokuwa ukigombana tangu jana ukageukia mlango wa zahanati, na mama yangu akashika tumbo.

Bibi akasogea. "Baba, jana ulilala wapi?"

"Kwako, mama."

"Na atakayelala hapa ulisema ni wa wapi?"

Bwana Magesa akaifungua tena kalamu yake. "Ni wa hapa."

"Basi jiandike, uji unapoa."

Akajiandika, wa mia nne. Alipokuwa akinywa uji, aliketi juu ya gunia la tangawizi, mbali na kile kigoda, akakiangalia.

"Mimi kwetu sijafika miaka saba," akasema. "Mama ana kiti changu cha kamba, pale barazani."

"Anakipanguza," Bibi akasema.

"Umejuaje?"

Bibi akamwongezea uji.

Nilizaliwa wiki tatu baadaye, hatua sitini kutoka hapa, nikilia kama mtu aliyefutwa. Wale waliokuja walikuwa wamekwisha kurudi makazini, lakini kila mmoja alikirudisha kigoda chake jikoni kwa mikono yake mwenyewe, na akakagua kama kimekaa vizuri. Tuvako hakuja. Bibi alikipanguza mpaka mikono ikamshinda, akapokea mama, nikapokea mimi. Nimezeeka nikimngoja mjomba ambaye sura yake siijui.

Mkunde, nipe hicho kitambaa nikipanguze kigoda cha mjomba. Kesho mnarudi bweni, na vigoda vyenu vile pale, vinne. Mkisikia huko mtu anasema nyumba ya babu yenu imebaki na mzee mmoja tu, mwambieni hajui kuhesabu. Kigoda kitupu kina mwenyewe.