Chapati za Mgeni wa Bima

Hapo zamani, si zamani za wafalme, ni zamani za juzijuzi tu, katika mji mmoja mdogo wa machungwa, alikuwapo mwanamke jina lake Mwantumu. Sogeeni karibu, maana mwisho wa hadithi hii sinao mimi, mnao ninyi.

Mwantumu alikuwa na mtoto wa kike wa kubebwa, na jirani wa kusikilizana naye, Sikitu, aliyeuza nyanya na vitunguu katika kibanda cha mbao kando ya barabara. Asubuhi moja Mwantumu ameinama anachagua nyanya, lori la machungwa likakatika breki. Likaacha barabara, likavunja kibanda, na mbao za kibanda zikamwangukia Mwantumu begani. Sikitu aliwahi kuruka kando, na mtoto alikuwa nyumbani amelala, Mungu mkubwa.

Bega la kulia lilivunjika. Hospitali wakaliunga, likaunga vibaya.

"Mama, hapa lazima tufungue tena, tutie chuma," daktari alimwambia. "Bila hivyo mkono huu hautapanda kupita kifua."

Mkono usiopanda hauwezi kuzungusha kanga mgongoni na kumfunga mtoto. Na mtoto hajui mambo ya mifupa. Alimnyooshea mama yake mikono, akangoja, akaona hanyanyuliwi, akageuka akamnyooshea Sikitu. Baadaye akaacha hata kungoja. Alikwenda kwa Sikitu moja kwa moja. Hilo lilimuuma Mwantumu kuliko bega.

Lori lilikuwa na bima. Kampuni ikasema italipa bega la Mwantumu na kibanda cha Sikitu, yote katika faili moja. Ila kwanza itamtuma mkaguzi wake aje auone huo mkono.

Habari ilipofika, Mwantumu hakuwaza mkono. Aliwaza mgeni.

"Sikitu shoga yangu, mtu anatoka mjini kuja kwangu, atakuta nini? Mimi hata unga siwezi kukanda."

"Unga nitakanda mimi. Wewe fagia uso wako huo, ucheke kidogo."

Sikitu akakanda, akasukuma, akachoma chapati laini, na kuku wa nazi juu yake. Mwantumu akaoga, akavaa gauni lake la Idi. Akajitazama kwenye kioo. Kile kitambaa cha hospitali kilichoushika mkono kilikuwa kimechakaa, kina madoa ya dawa. Akaona haya kumpokea mgeni na kitambaa kama kile. Akakivua, akakisukumia chini ya godoro, akaufunika mkono kwa mtandio.

Mkaguzi akaja. Alikuwa kijana mpole, Bwana Shemweta, viatu vimejaa vumbi. Alibisha hodi mara tatu na hakuingia mpaka akaribishwe.

"Mkono unaendeleaje, mama?"

"Tunamshukuru Mungu, baba. Karibu chakula."

"Mimi nimekuja kwa kazi tu, mama."

"Kazi itafanywa na mtu aliyekula."

Sasa, mgeni hali mpaka anawe, na mgeni hajinawishi. Mwantumu akashika beseni kwa mkono wa kushoto. Birika la maji alishike kwa mkono gani? Akalishika kwa ule ule wa kulia. Bega likawaka moto. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Maji yakatetemeka, mengine yakamwagikia mgeni kwenye shati.

"Samahani, baba."

"Hakuna neno, mama. Maji hayachafui."

Akala. Akaongezwa, akala tena. Akasema, "Chapati hizi! Kapika nani?"

Sikitu alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. Angesema "mimi"? Chakula cha jirani kikishavuka kizingiti chako ni chako. Siku ya hitima ya mama yake Sikitu, Mwantumu ndiye aliyepika sufuria zote, na watu walipomsifu alisema, "Mwenye shughuli ni Sikitu." Basi Sikitu naye akajibu:

"Nani mwingine? Mwenye nyumba."

Mwantumu akasikia. Akainamisha macho, akanyamaza.

Bwana Shemweta akashukuru, akaaga, akaenda kuandika alichokiona na alichokisikia. Mkono hauna kitambaa. Unabeba birika. Umepika chapati. Mkono umepona.

Kampuni ikajibu: bega halifunguliwi tena kwa fedha za bima.

Mwantumu na Sikitu wakafunga safari mpaka ofisini, pamoja na mtoto. Mkuu wa ofisi alikuwa mama mtu mzima, miwani imemshuka puani. Akamwita Bwana Shemweta.

"Haya, semeni. Mkono huu umepona au haukupona?"

Mwantumu akajaribu kuunyanyua. Ukafika kifuani, ukakwama hapo.

"Sasa nani kanidanganya?"

"Kosa ni langu," alisema Sikitu. "Chapati nilipika mimi. Nikampa sifa yeye."

"Hapana, kosa ni langu," alisema Mwantumu. "Kitambaa nilivua mimi. Birika nilibeba mimi. Uongo niliusikia, nikaumeza."

"Hapana, mkuu, kosa ni langu," alisema Bwana Shemweta. "Maji yalitetemeka, niliyaona. Jasho lake niliona. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Lakini nimeshakula chakula cha mtu, nimuulize mbona mkono wako unatetemeka? Nitamwaibisha nyumbani kwake."

"Na ulikula? Unajua kanuni yetu?"

"Nilikula, mkuu. Tena niliongezwa."

"Nilimlazimisha mimi," alidakia Mwantumu.

"Na kuku alikuwa mtamu," Sikitu akaongeza. "Msimwonee."

Mama yule akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho. "Heshima zenu hizi ndizo zilizotufikisha hapa, na bado mnazidi kukaribishana!" Kisha hakucheka tena.

"Sikilizeni. Ripoti hii naweza kuifuta, lakini haifutiki bila jina la mtu aliyeiharibu. Jina moja. Likiwa la Shemweta, amekula kwa mdai na ameona akanyamaza, kazi hana. Likiwa la Sikitu, amemdanganya mkaguzi, kibanda chake hakilipwi. Likiwa lako wewe Mwantumu, umejifichia jeraha lako mwenyewe, na bega lako litabaki hivyo. Sitachagua mimi. Mwenye mkono ndiye aseme."

Akasogeza karatasi, akaweka kalamu juu yake.

Mwantumu akamtazama Bwana Shemweta. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama mlangoni kwake akingoja kukaribishwa.

Akamtazama Sikitu. Tangu kibanda kivunjike, Sikitu alikuwa akiuza nyanya juu ya gunia chini, na mvua ikinyesha hauzi. Hata hivyo unga wa zile chapati ulikuwa wake.

Akautazama mkono wake mwenyewe, umelala mapajani.

Kisha akainua macho kwa mtoto, aliyekuwa kiunoni mwa Sikitu. Mtoto akamwona mama yake kamkodolea macho. Akacheka. Na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akamnyooshea mama mikono yote miwili, akangoja.

"Andika, mwanangu," alisema yule mama mkuu. "Mtoto anakungoja."

Mwantumu akachukua kalamu.

Basi mimi nimefika hapo, na hapo nimeiweka chini. Yupo aliyeficha kwa kuona haya. Yupo aliyedanganya kwa kulipa wema. Yupo aliyeona akanyamaza kwa kumstahi aliyemlisha. Bega ni moja, na jina ni moja. Je, ninyi mlioketi hapa, nani alistahili kuandikwa?