Mipigo Saba kwenye Shimo la Mipigo Minne

Ilikuwa Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi. Mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa aliingia katika kituo cha afya, ameshikwa mkono na mumewe. Hapo palikuwa na desturi: kila anayefika anaweka kadi yake ya kliniki chini ya rundo mezani, na rundo halirukwi. Kadi kumi na nne zilikuwa juu ya yake, nyingi za wajawazito waliokuja kupimwa uzito tu.

Saa tano na nusu mume akaenda mezani kwa mkunga. Akamweleza kwamba mkewe anaona mtoto amepunguza kucheza, na bado wako kwenye benchi. Mkunga hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Akamjibu kwa msemo wa Kiingereza aliouokota kwa daktari mmoja mpenda gofu.

"Par for the course, baba. Hapa kungoja masaa matatu ni kawaida. Hata wewe utazoea."

Wapendwa, wasemaji wa Kiingereza hutumia msemo huo jambo likienda vile vile walivyotarajia, na mara nyingi ni jambo baya. Wanashusha pumzi, wanausema, wanaendelea. Nani kati yetu hana wa kwake? "Ndiyo mambo yetu," tunasema. "Tumeshazoea."

Lakini yule mume alikuwa kedi. Kwa miaka kumi na mmoja amebeba mifuko ya wachezaji wa gofu.

"Sista, hiyo par ndiyo kazi yangu," akasema. "Shimo likiandikwa par nne, mchezaji hodari anatarajiwa kulimaliza kwa mipigo minne. Bosi wangu akipiga saba, namwandikia saba. Hata akipiga saba kila siku, par haipandi kumfuata."

Kisha akauliza kwa upole, "Hapa kwenu par ni ngapi?"

Mkunga alichomoa kadi ya yule mama kutoka ndani ya rundo. Alipomlaza na kusikiliza moyo wa mtoto, ulikuwa unasuasua. Mtoto alizaliwa saa sita na dakika tano, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni mara mbili. Alikaa kimya kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Kisha akalia.

Sisi je? Tangu lini tumeacha kujipima kwa alichotuagiza Mungu, tukajipima kwa tulichozoea jana? Mume na mke hawasemeshani wiki nzima, tunasema ndoa ndivyo zilivyo. Mgonjwa wa jumuiya yetu hatembelewi, tunasema watu wana shughuli. Tumepiga saba mara nyingi mno, sasa tunaiita nne. Na Mungu hajaibadilisha alama ya shimo.

Kesho yake, Ijumaa, mkunga alifika saa moja na dakika kumi. Rundo la kadi lilikuwa limeshaanza mezani. Hakuligusa. Alisimama mbele ya benchi, mkoba wake ungali begani, akauliza, "Nani ana uchungu?"