Pacha wa Mize

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mwaitikia kama mliolala na njaa? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake nimelisahau, Mize alijifungua mtoto wa kiume alfajiri. Vigelegele vikapigwa. Ilipofika adhuhuri, tumbo likaanza kupanda tena. Likapanda, likapanda, likapita kitovu. Mize akalia kwa maumivu.

"Kuna pacha," akasema mama mkwe wake.

"Mbona sikumwona?" akauliza mkunga, ameshika kichwa.

"Amejificha."

Kijiji kizima kikachanganyikiwa. Huyu asema asukume, yule asema asisukume. Mume akatoka mbio kutafuta kanga ya kumpokelea mtoto wa pili, akarudi na kuku. Hata mimi sijui kuku alikuwa wa nini. Mwisho wakaamua shangazi mmoja mwenye mwili wake amkalie Mize tumboni, pacha atoke apende asipende.

Ndipo akaingia Bi Somoe, bibi kizee aliyeuguza watu wa kijiji hicho mpaka mgongo ukapinda. Akamzuia shangazi. Akaweka kiganja juu ya tumbo, akagonga kwa kidole. Du, du, du.

"Amekunywa nini tangu alfajiri?"

"Uji wa pilipili manga, bakuli sita," akajibu mama mkwe, amejaa fahari.

"Na haja ndogo amekwenda lini?"

Mkunga akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akamtazama kuku.

"Shuka imelowa," akasema. "Si ndiyo hiyo?"

"Hayo ni matone tu, kibofu kimefurika. Mize, mwanangu, mbona hukusema?"

Mize akanong'ona, "Nilale mbele ya mama mkwe nimwambie nataka kukojoa? Naona haya, bibi."

Bi Somoe akawatoa wote nje, na kuku wao. Akamketisha Mize juu ya chungu, akammiminia maji ya vuguvugu mapajani, polepole. Chururu, chururu. Mize akasikiliza. Chururu, chururu. Mara, shwaaa! Mkojo ukatoka, ukatoka, chungu kikajaa. Tumbo likashuka. Mize akacheka huku machozi yakimtoka.

Mama mkwe akachungulia mlangoni. "Pacha yuko wapi?"

Bi Somoe akamsogezea chungu. "Huyu hapa. Mpe jina."

Basi, wenzangu, ukimuuguza mtu usijisifie ulichomlisha tu. Uliza na kilichotoka, tena muulize faraghani. Mimi hadithi naiacha papa hapa. Anayetaka kwenda haja, aende bila haya.