Ngedere Mwonja Vyungu

Paukwa!

Pakawa!

Niwapakulie?

Tupakulie, tumekuja na njaa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mikwaju walifanya karamu kila baada ya mavuno. Aliyechaguliwa kuipika alijaziwa ghala la mtama. Mwonjaji, aliyeonja vyungu kwa siku tatu na kumchagua mpishi, alikuwa Ngedere, fundi wa chumvi.

Mwaka ule Bi Fisi, mjane, aliutaka sana upishi huo. Wanawe walikuwa wakilala na njaa. Msicheke! Bi Fisi alijua kupika kunde za nazi, nyie acheni tu.

Lakini Ngedere hakuwapenda fisi. Zamani alianguka kutoka mtini, fisi mmoja akamcheka mpaka machozi. Wala hakuwa Bi Fisi, alikuwa fisi mwingine huko!

Siku ya kwanza Bi Fisi alileta kunde. Ngedere akaonja, akakunja uso.

"Chumvi imezidi!"

Siku ya pili akaleta kisamvu.

"Kinanuka moshi!"

Bi Fisi akarudi nyumbani analia. Bi Swala, mpishi aliyekuwa akishindana naye, akamhurumia.

"Nyamaza, shoga. Ghala langu bado lina mtama. Kesho tupike kunde sote, kisha tubadilishane vyungu."

Siku ya tatu Bi Fisi alitangulia na chungu cha Bi Swala. Ngedere akaonja, akatema.

"Kunde zimeungua!"

Bi Swala akaleta chungu cha Bi Fisi. Ngedere akaonja, akaonja tena, akala, akalamba mwiko.

"Hiki ndicho chakula cha karamu!"

"Basi mpe Bi Fisi upishi wake," akasema Bi Swala. "Ulichokilamba ni chake. Ulichokitema ni changu."

Wanyama wakaangua kicheko. Ngedere alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha naye akacheka.

"Bi Fisi, niwie radhi. Kumbe siku zote nilikuwa naonja kinyongo changu, nikidhani naonja kunde zako."

"Yamekwisha, Bwana Ngedere. Sasa nipe mwiko wangu, nina karamu ya kupika."

Wana wa Bi Fisi walishiba mwaka mzima. Ngedere naye aliendelea kuonja, ila kabla ya kuonja alijiuliza, "Mpishi huyu nampenda au namchukia?" Akishalijua jibu, ndipo afungue kinywa.

Wajukuu zangu, chuki ina ulimi wake, na mapenzi yana wake. Kabla hujamhukumu mwenzako, kagua moyo wako kwanza.

Hadithi nimeitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.