Nondo Aliyemfuta Mwanawe Mabawa

Paukwa!
Pakawa!
Anayemenya njegere aendelee kumenya. Nataka masikio tu.

Hapo zamani za kale, nondo walipokuwa bado na meno, waliishi pamoja na kula majani ovyo. Miti ikabaki vijiti. Wanyama wakamtuma Kinyonga awagawe nondo kwa koo, kila ukoo upate mti wake.

Kinyonga akakaa tawini, akaangalia mabawa. "Mistari ya njano, kwenye mtama! Kijivu, mperani! Mabawa matupu, ng'ambo ya mlima, kwenye mianzi!" Fyuu! Upepo ukawachukua.

Mama Nondo wa kijivu alikuwa na watoto saba. "Leo mnatazamwa," akasema. "Sitaki aibu." Sita wakamkimbia. Wa mwisho, Chepesi, akakamatwa. Mama akamfuta mabawa kwa jani bichi. Chwi, chwi, chwi.

"Mama, unaniumiza."

"Tulia. Umejaa vumbi kama umelala jivuni."

Wakafika kwa Kinyonga. Wale sita, mperani. Kinyonga akamzungushia Chepesi jicho moja. "Huyu mabawa matupu. Si wa kwenu."

"Mzee, nimemzaa mwenyewe!"

"Kila mama leo ananiambia hivyo."

Panzi akacheka foleni nzima ikasikia. "Labda ulimwokota mianzini, dada!"

"Basi muulize anakula nini! Anakula mpera, mwanzi hauwezi!"

"Nimetumwa kuangalia mabawa, sikutumwa kuangalia midomo. Anayefuata!"

"Mama!" Chepesi akaita. Fyuu!

Mama Nondo akatazama lile jani alilofutia. Lilikuwa la kijivu. Halikuwa vumbi. Ilikuwa rangi ya mwanawe.

Akalikunja, akalipeleka kwa Kinyonga. Safari hii Kinyonga akaangalia kwa macho yote mawili. Kisha akasema, "Ungeniletea hili mapema, mama. Upepo umeshakwenda."

Mama akaruka mwenyewe, puku puku, puku puku, siku tisa. Akafika mianzini. Akaita Chepesi, Chepesi. Akakagua jani kwa jani. Hakuna hata moja lenye alama ya meno ya Chepesi, na mwenyewe hakuonekana tena.

Hata leo ukimshika nondo, rangi hubaki kidoleni, kama ilivyobaki kwenye jani lile. Msiwashike.

Funzo ni hili: mtoto mpeleke mbele za watu kama alivyo. Na wewe unayewagawa watu, uliza kwanza wanaishi kwa kula nini.

Hadithi yangu naiacha hapo, mianzini. Leteni hizo njegere.