Lenzi Ishirini za Kalibu Moja

Mzee Mwakyoma, samahani baba, hebu vua miwani yako kidogo. Unaniona? Anasema anaona koti tu limesimama lenyewe madhabahuni! Haya vaa, baba, vaa, usije ukaanguka. Leo nataka tuongee habari za miwani, lakini si hii ya macho.

Kulikuwa na mume na mke, wote mafundi, katika maabara moja ya eksirei. Si eksirei ya kupigwa kifua hospitalini, hapana. Hii miale yake wanaikusanya mpaka inakuwa nyembamba kuliko unywele, ili waone ndani ya vitu vidogo kabisa, hata mzizi wa mche uliochipua jana. Na miale hiyo inasumbua, jamani! Lenzi moja haitoshi kuipinda, inapita kama vile hakuna kitu. Inabidi upange lenzi ishirini, moja nyuma ya nyingine, kila moja iipinde kidogo, mpaka mwisho ikutane mahali pamoja.

Mume ndiye aliyezitengeneza zile lenzi, kwa kalibu aliyoichonga mwenyewe, yaani kile chuma cha kukandamizia kinachotoa umbo. Aliipenda kalibu yake, acha tu. Mkewe akamwambia, "Tubadilishe kalibu kila baada ya lenzi tano." Akajibu, "Mama watoto, hii haina kasoro."

Kumbe ilikuwa nayo. Ndogo, hata ukipitisha kidole huisikii. Lakini kalibu moja, lenzi ishirini: kosa lile lile, upande ule ule, mara ishirini! Siku ya kujaribu, miale badala ya kukutana ikatawanyika, na picha ya mzizi wa mche ikatoka ukungu mtupu.

Mkuu wa maabara akasema, "Nawapa mpaka Ijumaa. Isipokaa sawa, lenzi zote zitupwe, na aliyezitengeneza naye akapumzike nyumbani." Miaka ishirini na sita ya kazi, ndugu zangu. Mwanaume yule siku hiyo hakula.

Mke hakusema, "Si nilikuambia?" Akina mama, hapo pagumu, nawaona mnavyotazamana! Alikaa kwenye mashine akaanza kuipima ile kasoro, sehemu kwa sehemu: hapa imezidi, hapa imepungua. Jumatatu akapima, Jumanne akapima, anaandika kwenye daftari. Mume akapita nyuma yake, akaona kurasa zimejaa, roho ikamuuma.

"Hata wewe? Hata wewe unaniandikia makosa?"

"Naandika."

"Ili umpelekee mkuu?"

Yule mama akaweka kalamu chini, akamgeukia. "Nisipojua umepungukiwa wapi, mume wangu, nitakujazia wapi?"

Akachukua kipande cha kioo, kidogo kuliko punje ya mchele, akakichonga akifuata lile daftari, ila kinyume chake. Penye kuzidi yeye akapunguza, penye kupungua akaacha pawe panene. Alhamisi akamaliza. Mume akakitazama kwa hadubini, akacheka kwa uchungu.

"Mbona hiki nacho kimepinda! Kimepinda kuliko hata lenzi zangu."

"Ndiyo," akasema mkewe. "Kimepinda kwa ajili yako."

Ijumaa wakakiweka mbele ya zile lenzi ishirini. Hawakutoa hata moja. Miale ikapita kwenye kioo kilichopinda, ikapita kwenye lenzi zilizopinda, ikakutana kwenye nukta moja. Ule mzizi ukaonekana mpaka vinyweleo vyake. Mkuu akauliza, "Mmetumia kalibu mpya?" Mume akatikisa kichwa huku analia.

Sasa nawauliza. Sisi nani ametushinda kwa kupima? Wewe dada, makosa ya mumeo unayajua mpaka tarehe. Wewe baba, yule mwanao mkubwa, daftari lake si limejaa? Tumepima! Tumepima miaka na miaka, wala hatukukosea kipimo. Swali langu ni moja: kwa vipimo hivyo, umechonga nini? Au umempelekea mkuu? Mungu naye anatujua kwa kipimo hicho hicho, na bado hajatutupa.

Mnanijua, nina hasira za haraka. Wazee wa kanisa msiitikie kwa nguvu hivyo! Nimekaa na mama mchungaji miaka kumi na tisa. Mimi nikipandisha sauti, yeye anashusha yake, anashusha, mpaka nanyamaza ili nisikie anasema nini. Siku zote nilijua ndivyo alivyozaliwa, mtu mpole. Nikawa najisifu kwamba nilichagua vizuri.

Mwezi uliopita dada yake alikuja kututembelea. Tukawa tunakula, nikamsifia upole wa mdogo wake. Dada akashangaa, akaweka kijiko chini. Akaniambia, "Shemeji, huyu? Huyu alikuwa na sauti kuliko sisi wote pale nyumbani. Baba alikuwa anamsikia akiwa shambani."

Nilimtazama mke wangu. Akaendelea kunipakulia mboga.

Tusimame, tuombe.