Kilio cha Namsifu Kwenye Simu

Kicheko kina wengi, kilio kina mwenyewe. Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo mlipokuwa mmeinamia simu mnacheka, na sasa mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu wangu. Ni ya huku huku kwetu Upareni, na yalianza hivi.

Nakijwa alikuwa kidato cha pili. Hakuwa mtoto mbaya, ila alipenda mno kuchekesha watu. Siku alipozikwa babu yake Namsifu, msichana waliyesoma darasa moja, Namsifu alilia pale kaburini mdomo wazi, kitambaa kimemwanguka, kamasi zinamtiririka. Nakijwa akampiga picha kwa siri, akaikata ubaki uso tu, akaifanya stika, zile picha ndogo mnazotumiana. Akairusha kwenye kundi la darasa.

Basi ugali ukiungua, uso wa Namsifu. Mwalimu akitoa zoezi, uso wa Namsifu. Ikavuka shule, ikafika hata kwenye kundi la kwaya, kwa watu wazima wasiojua ni mtoto wa nani. Namsifu akaacha kuja shule. Nakijwa akajiambia ni msiba tu, atarudi.

Mama yake Nakijwa hakuwahi mazishi, alikuwa ameshuka Same kuuza tangawizi. Na kwetu asiyewahi kaburi hutoa pole kabla ya matanga kuanuliwa. Miguu ilikuwa imemvimba, akaona atangulize pole kwa simu. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo. Akatafuta picha ya huzuni, akaiona ile ya mtu anayelia iliyotoka kwa wanakwaya, akairidhia. Akamtumia mama yake Namsifu, na chini yake akaandika, "Poleni sana. Tunalia pamoja nanyi."

Muda si muda mama Namsifu akaingia uani, Nakijwa akiosha tangawizi. Hakupiga kelele. Alinyoosha simu tu.

"Mama Nakijwa, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwenzangu. Nilikuwa nakupa pole."

"Kwa uso wa mwanangu?"

Mama Nakijwa akaipeleka simu mwangani, akaisogeza hadi puani. Alipomtambua binti aliyempakata tangu mchanga, akakaa chini pale pale kwenye maji ya tangawizi. Nakijwa alikuwa hajawahi kumwona mama yake hivyo.

"Si mama," akasema. "Niliyeitengeneza ni mimi."

Mama Namsifu akachukua simu yake. "Basi twende ukamwambie mwenyewe. Mwanangu hali chakula, na anasema shule harudi tena."

Namsifu alikuwa amelala, ameelekea ukutani. Nakijwa akapiga magoti, akaomba radhi, akasema ameshaifuta. Namsifu akauliza bila kugeuka.

"Waliocheka ni akina nani?"

"Ni wengi. Siwezi kuwataja wote."

"Na anayelia?"

Nakijwa akainuka. Alitoka pale akitembea kama mtu aliyepigwa na radi.

Siku zilizofuata mama na binti walipita nyumba kwa nyumba, kisha kwa mwalimu wa darasa, wakiomba kila mtu aifute. Kila waliyemfikia alijitetea kuwa yeye aliipokea tu, akacheka kidogo, akaipitisha. Mama Nakijwa akawa na jibu moja kwa wote, watoto kwa wakubwa: "Kicheko kina wengi, kilio kina mwenyewe. Mwenyewe yuko pale kwao, nenda ukamtazame usoni."

Wengine walinuna. Wengine walikwenda, mmoja mmoja, wakakaa ukingoni mwa kitanda chake wakiona haya. Mwalimu naye akaenda. Namsifu akaanza kula, na baadaye akarudi shule. Lakini picha ile, wajukuu wangu, haijaisha. Bado iko kwenye simu za watu wasiomjua, na leo hii kuna mtu mahali fulani anaicheka.

Anayecheka huko hatumjui. Anayelia tunamjua jina, na kwao tunakujua. Kicheko kina wengi, kilio kina mwenyewe.